Ramani ya mfereji wa Biwa: karatasi ya tatu

Jumamosi tumemaliza kipande nilichokuwa nakingoja tangu nianze mradi huu wa kuchora mfereji unaoleta maji ya Ziwa Biwa mjini Kyoto, Japani: Keage hadi hekalu la Ginkaku-ji, kwa miguu, wanafunzi saba. Karatasi mbili za mwanzo, ya Otsu na ya Yamashina, nilizichora peke yangu. Safari hii niliwaomba wenzangu wa bweni tufuatane, kwa kuwa kuhesabu hatua huku unachora kunachosha, na nilitamani waione Kyoto hii ya maji.

Mji mkuu ulipohamia Tokyo mwaka 1869, Kyoto ilidorora. Gavana Kitagaki Kunimichi akaamua kuyaleta maji ya Ziwa Biwa kwa kutoboa milima, na kazi akamkabidhi Tanabe Sakuro, kijana aliyezaliwa 1861 na kuhitimu uhandisi 1883 kwa tasnifu juu ya mfereji huohuo. Alikuwa ameumia mkono wa kulia, michoro akaichora kwa wa kushoto. Nikichoka kuchora, huyo ndiye ninayemkumbuka. Ujenzi ulianza 1885, ukakamilika 1890, na mwaka uliofuata kituo cha Keage kikaanza kutoa umeme.

Tulianzia kwenye reli ya Keage. Hapo mteremko ni mkali, mashua hazipiti, kwa hiyo zilipakiwa kwenye vigari na kupandishwa au kushushwa kwa reli hadi 1948. Urefu wake unajulikana, mita 582, nikautumia kupima hatua zetu. Mimi nilipata hatua 786, dada mmoja wa Mombasa akapata 811. Yaani hatua yangu ni sentimita 74, yake 72. Tangu hapo yeye akawa mpimaji, mimi mchoraji.

Chini ya reli kuna njia ya kupita watu, Nejirimanpo. Ingia usimame katikati, uangalie juu: matofali hayakulazwa sawa, yanapanda mshazari kutoka ukuta huu hadi ule, yamejisokota kama nyuzi za kamba. Yalipangwa hivyo yaweze kubeba uzito wa reli na mashua. Nilipapasa viungo vyake, nikakosa hata kimoja kilicholegea. Tulikaa humo karibu nusu saa na nimejaza kurasa mbili.

Suirokaku, daraja la matofali mekundu la 1888 linalobeba maji ya mfereji, limo ndani ya uwanja wa hekalu la Nanzen-ji. Dada alihesabu hatua 129, sawa na mita 93, na ndicho kipimo chake kinachofahamika. Tulishangilia! Tukapanda ubavuni kwenda kuyaona maji, bado yanapita juu yake.

Kwenye Njia ya Mwanafalsafa, ambako profesa Nishida Kitaro alizoea kutembea akitafakari, dada alidondosha jani majini. Likaenda kaskazini.

"Kaka, haya maji mbona yanapanda?"

Swali zuri, maana mto Kamo unateremka kusini na mji mzima umeinamia huko. Nikamweleza habari za mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia shamba, wa babu yangu kule Marangu. Maji huchepushwa yakiwa bado juu, kisha hupitishwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, na ukitazama shamba lililo chini unaona kama yanapanda. Mfereji huu nao umeshika miguu ya milima ya Higashiyama. Tulifuata jani lile mpaka likanasa kwenye mizizi ya mcheri.

Kwenye rasimu yangu mshale wa kipande hiki ulielekea kusini. Nimeufuta.

Ginkaku-ji wenzangu waliingia, mimi nikabaki nje kumalizia kona ya mwisho kabla giza halijaingia. Karatasi ya tatu bado haina rangi. Matofali nitayapaka wiki hii. Ya nne itaanzia hapohapo, kupitia Kitashirakawa hadi Matsugasaki, na dada ameshasema atakuja kuhesabu.