Kisakinishi cha Linux: nilivyochagua zana zake

Kwa muda sasa nimekuwa nikiandaa toleo dogo la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwa ajili ya kompyuta za mitumba, na jambo lililonichukulia muda mrefu kuliko yote ni kisakinishi, yaani programu inayouhamisha mfumo kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski. Nilidhani ugumu ungekuwa kwenye sura yake. Kumbe umelala kwenye kugawa diski.

Kisakinishi changu cha kwanza kilikuwa skripti ya Bash, yaani orodha ya amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine, iliyotumia whiptail kuuliza maswali, sfdisk kugawa diski na debootstrap kushusha mfumo. Ili kupata sehemu ya kwanza ya diski, skripti ilichukua jina la diski na kubandika 1 mwishoni, kwa hiyo sda ikawa sda1, na kwenye mashine za zamani mambo yalikwenda vizuri. Siku nilipoijaribu kwenye kompyuta yangu mwenyewe, yenye diski ya NVMe (aina mpya na ya kasi), ilikwenda kutafuta nvme0n11, ilhali sehemu hiyo huitwa nvme0n1p1, kwa herufi p katikati. Amri ya mkfs.ext4, inayoandaa sehemu ya diski ili ihifadhi mafaili, ilikataa kwa kuwa hapakuwa na kitu chenye jina hilo, lakini sfdisk ilikuwa imekwisha kuandika upya jedwali la diski, linaloonyesha kila sehemu inaanzia na kuishia wapi, nami nilikesha na TestDisk, programu ya kuokoa sehemu za diski, nikizisaka sehemu zilizopotea, pamoja na picha za harusi ya dada yangu.

Baada ya hapo nilitafuta kazi iliyokwisha kupimwa na wengine. Anaconda, kisakinishi cha Fedora, niliipita haraka, maana imejengwa kwa ulimwengu wa vifurushi vya RPM, ambavyo si aina inayotumiwa na Debian. Nilichokichagua ni Calamares, ambayo haifungamani na toleo lolote la Linux: imeandikwa kwa lugha ya C++ na Qt, zana ya kutengeneza madirisha na vitufe, moduli zake zinaweza kuandikwa kwa Python, na kazi ya kugawa diski inaikabidhi maktaba ya KPMcore. Kilichonivutia zaidi ni faili la settings.conf, ambamo hatua za kuuliza zimetengwa na hatua za kutenda, hivyo diski haiguswi mpaka mtumiaji ameona muhtasari na kukubali. Skripti yangu ilikuwa ikiuliza huku inakata.

Kasoro yake ni kwamba inahitaji mazingira ya picha, na kwenye mashine yenye kumbukumbu ya GB 1 inajikokota. Kwa mashine hizo nimebaki na kisakinishi cha maandishi cha Debian, ambacho hupokea majibu yote mapema kupitia faili la preseed. Mfumo wenyewe naufungasha kwa SquashFS, inayoubana wote ndani ya faili moja. Mfinyo wa xz hutoa faili dogo zaidi, lakini zstd hufunguka kwa kasi zaidi, na prosesa za zamani zinahitaji nafuu hiyo.

Siku hizi kila toleo nalijaribu kwanza ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, mara moja kwa BIOS, njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, na mara moja kwa UEFI, njia mpya, inayoigizwa na OVMF, na mojawapo ya diski za kuigiza huwa ni NVMe.