Warudi lini?

Siku ya nne leo silali vizuri na sababu ni swali la maneno mawili.

Jumamosi kwenye kituo cha afya ninachojitolea hapa Pemba alikuja yule bibi wa bondeni, yule wa kanga mbili na bakora. Presha 178 kwa 96. Nikampa vidonge vya wiki mbili nikamwandikia kwenye daftari lake, tukaanza kuongea, akaniuliza mie mtoto wa nani, nikamtajia ukoo, kumbe bibi yangu mzaa baba alikuwa akichuma naye karafuu shamba moja tena wakigawana chakula cha mchana. Nilifurahi mpaka nikasahau foleni ya nje. Halafu anafunga daftari kwenye pindo la kanga ndo akaniuliza, "Na weye mjukuu wangu, warudi lini?"

Nikamjibu, "Tarehe 22 bibi."

"Haya, inshallah."

Akaenda zake.

Usiku tumekaa na shangazi tunachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu huku, namhadithia kwa furaha yule bibi alivyomjua bibi, nikafika hapo pa tarehe 22. Shangazi akaacha kuchambua. "Tarehe 22 si ndo unaondoka?" Nikasema ndio. "Sasa yeye kakuuliza lini unarudi kituoni, aje akukute vidonge vikiisha. We umemtajia siku ya safari."

Vidonge vyake vinaisha tarehe 19.

Tangu hapo narudia tu. Warudi lini, tarehe 22 bibi, haya inshallah. Tulivuka kwenda Shimoni, Kenya, Januari 2001 usiku, mimi nina miaka tisa, na miaka yote hii 23 mama akiwa jikoni Leicester, Uingereza, akisema "tukirudi" ni Wete, hajawahi hata siku moja kusema tukirudi akawa na maana ya pengine. Mimi ndo niliyeomba likizo bila mshahara, nikaaga watu kazini nawaambia narudi kwetu kujitolea, halafu wiki ya nne tu naulizwa narudi lini na kichwa kinakimbilia uwanja wa ndege. Tena sikufikiri hata kidogo, jibu lilitoka lenyewe, na hilo ndo linaloniuma.

Wiki yenyewe imejaa, umeme unaotoka Tanga umekatika siku mbili, binamu kaolewa Mtambwe, vijana watatu wameletwa wameanguka mikarafuuni mmoja nyonga imevunjika, lakini mimi akili yangu iko pale pale kwenye lile daftari.

Jana nikachukua bodaboda nikamfuata kwake. Nimemkuta uani, majamvi matatu ya karafuu, zingine bado nyekundu zingine zishaanza kuwa nyeusi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza kwamba tarehe 22 nilimaanisha naondoka, vidonge vinaisha 19, siku hiyo aende kituoni atamkuta nesi wa zamu nishamwachia maelezo. Akanisikiliza vizuri kabisa. Kisha akauliza, na alikuwa anauliza kweli maana alitaka kuelewa, "Kwani kuondoka ndo kurudi?"

Nilikosa la kusema. Na kabla sijalipata wingu likafunga juu ya minazi, akanyanyuka kama msichana, "Anua! Anua mwanangu!" Tukakimbilia majamvi, yeye kule mie huku, tunakunja tunaburuta mpaka barazani, mvua imetukuta na jamvi la mwisho. Na mikono yangu ilijua! Sijashika jamvi la karafuu tangu niko mdogo lakini nilijua ukunje vipi karafuu zisimwagike, nilijua uanze upande gani, ile harufu ya karafuu iliyolowa kidogo ikaniingia nikajikuta nacheka kwa sauti na bibi naye anacheka na meno yake mawili. Tulipotulia nikampima, 152. Akanifungia muhogo kwenye karatasi, nimekula usiku na samaki wa shangazi.

Nimerudi nyumbani nimelowa na nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu nishuke boti Mkoani.

Ila mdogo wangu hajajibu tangu Jumatatu. Meseji zangu zote tiki moja. Anaendesha teksi usiku na saa hizi kule ukungu ushaanza, mama anasema atakuwa hana chaji tu. Siku tatu, chaji?