Boriti ya Shimanzi na waya iliyoota jua

Mwenye karakana kule Shimanzi, Mombasa, alitaka kujua jambo moja tu: boriti inayobeba winchi ya mnyororo itahimili tani 5, au atafute nyingine? Nikaenda na streni geji zangu za omu 120.

Geji ni kipande cha foili, chembamba, kidogo kuliko ukucha. Unakibandika kwenye chuma; chuma kikivutika, nacho kinavutika, na ukinzani wake wa umeme unapanda. Kupanda kwenyewe ni kichekesho: maikrostreni 300, yaani chuma kuvutika sehemu 300 kwa kila milioni ya urefu wake, ni omu 0.072 tu. Mita ya kawaida haioni kitu, ndiyo maana tunatumia daraja la Wheatstone, sakiti ya vikinzani vinne inayonasa mabadiliko madogo kama hayo.

Saa za kwanza za asubuhi zililiwa na usafi. Nilikwangua rangi, nikapiga msasa, kisha pamba yenye asetoni, ukifuta upande mmoja tu. Ukirudi nyuma unarudisha uchafu. Na kwa hewa yetu ya chumvi, usithubutu kwenda kunywa kahawa kwanza: ukirudi chuma kishapata wekundu. Nikabandika kwa supaglu, kidole gumba juu yake dakika nzima, nikafunika kwa silikoni, ile isiyonuka siki, maana inayonuka siki hula chuma.

Nikaweka sifuri saa mbili. Saa tano, winchi haina hata kamba, inasoma 160! Nikabadilisha betri, nikalehemu upya, nikaanza kumshuku aliyeniuzia geji. Mzee mmoja mchomeleaji alikuwa akinitazama tu.

"Mwanangu, hiyo waya yako inaota jua kama mjusi."

Nikapiga hesabu palepale. Waya yangu ya nyuzi mbili, kwenda na kurudi, ilikuwa na omu 1. Shaba ikipata joto la digrii 10 zaidi, inaongeza omu 0.039. Gawa kwa 120, gawa tena kwa 2, namba ya geji inayogeuza badiliko la ukinzani kuwa mvutiko: maikrostreni 160 na ushee. Boriti haikuwa na kosa.

Nikaunga uzi wa tatu ili joto la waya lijifute lenyewe ndani ya daraja. Kesho yake tukaning'iniza tani 5. Katikati ya boriti, 290. Zidisha kwa gigapaskali 200, ukakamavu wa chuma, unapata mkazo wa megapaskali 58. Safi. Lakini kando ya weldi ya zamani ilisoma 540, yaani 108, na hapo mzee akachukua chaki, akaizungushia duara ile weldi, akaenda kutafuta bamba.