Nilivyolinda hesabu ya kura za udiwani kituoni kwetu

Mwaka 2015 niliombwa kuwa wakala wa mgombea udiwani hapa Tandale. Nilikubali kwa sababu ya mtaro. Kila masika maji yalikuwa yanatuingilia ndani, na wa kulipeleka suala la mtaro wetu kwenye baraza la halmashauri ni diwani. Tena meya hatumpigii kura sisi wananchi, anachaguliwa na madiwani. Kwa hiyo kura ya udiwani niliiona nzito kuliko watu wanavyoichukulia.

Tulikula kiapo cha kutunza siri, na Jumapili ya tarehe 25 Oktoba nikawahi kituoni kabla ya saa moja asubuhi. Tulionyeshwa masanduku yakiwa matupu, ndipo yakafungwa kwa lakiri. Mchana ulipita kwa utulivu. Saa kumi jioni waliokuwa bado kwenye foleni waliachwa wapige kura, kisha hesabu ikaanza palepale darasani. Wengi mtaani wanadhani masanduku hubebwa yakahesabiwe kwingine.

Kura za urais zilitangulia, zikafuata za ubunge. Zilipofika zamu za udiwani ilikuwa usiku, macho yanauma, mawakala wawili wamesinzia ukutani. Mimi nilikuwa na daftari langu. Msimamizi wa kituo, ambaye ni mwalimu, alikuwa anainua kila karatasi na kutaja jina, nami napiga vijiti, vinne vilivyosimama na cha tano kinavikata. Karatasi yenye vema kwa wagombea wawili ilikataliwa, hapo hatukubishana.

Kila mpiga kura alikuwa amepewa karatasi tatu, kwa hiyo nilitegemea masanduku yote matatu yawe na idadi moja. Ya urais na ubunge ililingana. Ya udiwani ilipungua karatasi mbili.

Wakala mmoja akaniambia, "Dada, kura mbili hazimpi mtu udiwani. Tia saini tukalale."

Nilijisikia vibaya, maana wote tulikuwa hoi. Lakini kuna mtu aliyesimama juani kwa ajili ya karatasi ile. Nikasema, "Mwalimu, samahani sana, naomba turudie bunda kwa bunda." Nilisema taratibu, bila kumtuhumu mtu. Nadhani ndiyo maana alikubali. Ningepayuka, tungeishia kwenye ugomvi na hesabu ingebaki vilevile.

Katika bunda la tatu tulikuta karatasi mbili zimeingiana kwenye mikunjo, zimehesabiwa kama moja. Ya pili kati ya zile zilizopungua hatukuiona. Huenda mtu aliondoka nayo mfukoni. Fomu namba 21C, ya matokeo ya udiwani, ikajazwa kwa idadi iliyokuwepo mezani, nikailinganisha na vijiti vyangu mstari kwa mstari, ndipo nikatia saini na kuchukua nakala yangu. Nyingine ilibandikwa nje.

Sikulala. Majumuisho ya udiwani yanafanyika ngazi ya kata, nami nilitaka kusikia kituo chetu kikisomwa. Nakala yangu nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka kifuani, ndani ya kanga. Kilipotajwa, niliifungua nikaifuata kwa kidole: halali, zilizokataliwa, jumla. Zote zilikuwa sawa na tulivyoandika usiku.

Mgombea wangu alishindwa. Alinipigia simu akiuliza kama kituoni kwetu kura zake ziliibwa. Nilimsomea vijiti vyangu vyote, na ile karatasi moja iliyopotea nikamtajia pia.