Sabuni ya mwani: vipimo vyetu na hesabu zake

Paje na Jambiani walianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989, na mpaka leo mwingi unauzwa mkavu, bei akipanga mnunuzi. Kikundi chetu, pwani hiyohiyo ya mashariki ya Unguja, kinabakiza sehemu ya mavuno ya kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwa ajili ya sabuni. Tunatumia aina ya mwani iitwayo spinosum. Aina nyingine, cottonii, ina bei nzuri zaidi, ila maji yakipata joto inaoza kambani.

Mwani wa sabuni tunausuuza mara tatu kwa maji baridi, maana chumvi ikibaki sabuni inamong'onyoka. Ukikauka tunausaga na kuuchekecha. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi tunaweka unga wa mwani vijiko 2 vya chakula, maji gramu 350 na kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, gramu 150. Hiyo ni ya kuogea: kostiki tumeipunguza makusudi ili mafuta kidogo yabaki, kwani nazi tupu hukausha ngozi. Ya kufulia inataka gramu 175. Nunueni mizani ya dijitali kabla ya kitu chochote. Anayepima kostiki kwa kikombe atababua wateja.

Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukigeuza, inachemka na kuruka usoni. Vaa glavu, tumia ndoo ngumu ya plastiki. Sufuria ya alumini inaliwa na kostiki. Maji ya kostiki yakishapoa yakawa vuguvugu, yamimine kwenye mafuta, koroga mpaka ukiinua mwiko mchirizi ubaki juu. Mafuta ya karafuu, gramu 10, yaingie mwisho kabisa na kalibu ziwe tayari, kwa sababu yanagandisha ghafla. Ukizubaa unabaki na bonge ndani ya ndoo. Kata sabuni siku hiyohiyo, ingali na uvuguvugu. Ikilala hadi kesho inapasuka kisu kikigusa. Kisha kivulini wiki 4, masika hata 6.

Vikundi vingi huyumba hapo kwenye kungoja, kostiki wameshaiweza. Ndiyo maana mwani mwingine bado tunauuza mkavu, nyumbani kupikwe. Sabuni ikiuzwa, kwanza pesa ya mafuta na kostiki inarudi sandukuni, daftari linasainiwa na watu wawili, ndipo mgao. Mali kauli hatutoi tena zaidi ya vipande 20 kwa duka, na hoteli inalipa nusu kabla hatujakoroga.