Fundi alisema bodi imekufa, kumbe ni kimpira chembamba tu

Jamani naandika hii nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja, maana wiki tatu nzima nimefua mashuka kwa mkono wakati mashine ya kufulia ipo ndani inaniangalia, na shida yenyewe imekuja kuisha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani.

Mashine yangu ni hizi za mlango wa mbele, ina miaka kama sita. Ilianza hivi, inafua vizuri, inasuuza, ikifika kwenye kukamua inagoma, nguo zinabaki zimelowa kwenye maji na mlango haufunguki. Hapo sikuogopa sana. Nikachomoa plagi, nikashusha ule mpira wa maji machafu chini kwenye beseni maji yakatoka yenyewe, halafu nikafungua filta ya pampu kule chini kwenye kona. Hii filta ilegeze kidogo kidogo uache maji yachuruzike, usiizungushe yote kwa mara moja utaloweka sakafu nzima, na kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto subiri yapoe kwanza. Nilitoa sarafu mbili, kibanio cha nywele na kisoksi cha mtoto tulichokuwa tunakitafuta muda mrefu.

Nikarudisha, nikawasha, maji yakatoka vizuri kabisa. Nikashangilia. Lakini kukamua haikukamua ng'o.

Ndo nikaita fundi. Akaja, akabonyeza bonyeza vitufe, hakufungua hata skrubu moja, dakika tano akasema "dada, hii bodi imekufa, bora hata uchukue mashine mpya." Bei aliyonitajia ya bodi, ile saketi ya umeme inayoiongoza mashine, ilikuwa inakaribia nusu ya mashine mpya. Nikamwambia asante fundi, ngoja nijipange. Hilo neno bodi limeshaniudhi, kila kitu kikigoma ni bodi, hata kama mtu hajapima kitu.

Shemeji yangu akaja na lake, yeye akaingiza kidole kwenye tundu la filta akazungusha lile feni la pampu, akasema unaona shem linavyokwama kwama, halizunguki laini, pampu hiyo imekwisha. Na kweli nilipojaribu na mimi lilikuwa linaenda kwa kuruka ruka, linagoma kidogo halafu linaruka. Nikaamini. Nikanunua pampu, si hela ndogo, tukailaza mashine kwa mgongo juu ya blanketi, tukaingia kwa chini, vibano vya mipira vile vya chuma vinataka plaizi na uvumilivu, mkono hauingii, nusu siku nzima imeishia hapo. Tukafunga, tukainyanyua, tukawasha. Maji yanatoka, kukamua hakuna. Vilevile kabisa.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikachukua ile pampu ya zamani, nikaipima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ikasoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 170 na kitu. Pampu nyingi za umeme wa volti 220 hadi 240 zikiwa nzima zinasoma kati ya 150 na 200 hivi. Ilikuwa nzima! Na lile feni kuruka ruka ndivyo lilivyo, ndani ya pampu hizi kuna sumaku, ukizungusha kwa kidole lazima usikie inashikwa shikwa. La kukutia wasiwasi ni feni linalozunguka bwerere kama halijashikiliwa na kitu, au lisilozunguka kabisa. Natamani mtu angeniambia hivyo kabla sijatoa hela.

Sasa kilichoniokoa ni masikio. Watoto wamelala, nyumba kimya, nikaiwasha mashine tupu bila nguo kwenye kukamua peke yake, nikakaa chini pembeni yake nikasikiliza. Pampu ikaanza, mlio mzito, maji yanatoka. Baada ya muda mlio ukabadilika ukawa mkavu, ule wa kukwaruza kama mtu anavuta kinywaji kilichoisha kwenye mrija, maana yake maji yameisha. Lakini pampu haikusimama! Iliendelea kunguruma na ukavu wake dakika baada ya dakika mpaka mashine ikakata tamaa ikaonyesha kosa. Hapo nikashtuka. Hii mashine inadhani bado ina maji ndani, na yenye maji haiwezi kuruhusiwa kukamua. Nani anaidanganya?

Anayeipa taarifa ya maji ni kiswichi cha presha. Kiko juu chini ya mfuniko, kimeunganishwa na kimpira chembamba kinachoshuka mpaka kwenye kichupa cha plastiki chini ya pipa linaloshika maji ndani ya mashine. Maji yakipanda yanasukuma hewa kwenye kile kimpira, hewa inasukuma swichi, mashine inajua imejaa. Maji yakitoka, hewa inalegea, swichi inarudi. Kukiwa na uchafu njiani hewa inanaswa, swichi hairudi.

Nikachomoa plagi, nikatoa mfuniko wa juu (skrubu mbili za nyuma, unausukuma nyuma unanyanyua), nikachomoa kimpira kwenye swichi. Kwanza nikaipima swichi yenyewe, nikachomeka kipande kingine cha mpira nikapuliza taratibu sana, tik! Nikaachia, tik! Sijui niwaambieje raha ya ule mlio. Swichi nzima. Za kisasa zenye sensa ya kielektroniki hazina huo mlio kwa hiyo usizihukumu kwa hilo. Halafu nikapuliza kimpira kuelekea chini, pumzi haipiti. Nikashuka kwenye kichupa nikakitoa, kimejaa utelezi wa kijivu wa sabuni na nyuzi za nguo, mzito kama uji. Maji ya moto, mswaki, nikakisugua mpaka kikang'aa.

Nikafunga kwa haraka ya furaha na hapo nikakosea, kimpira hakikuingia vizuri kwenye swichi, hewa ikawa inavuja. Mashine ikaanza kujaza maji na kujaza na kujaza, yamefika nusu ya kioo cha mlango haiachi, nikakimbilia kufunga bomba. Kwa hiyo mashine yako ikijaza bila kikomo angalia kimpira hichohicho, ni ugonjwa huohuo umegeuzwa. Na kama inajaza huku maji yanatoka muda wote, tazama mwisho wa mpira wa maji machafu, umelala chini. Unatakiwa uwe juu kama sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, la sivyo maji yanajivuta yenyewe.

Nikakaza kibano, nikarudia. Pampu ikanguruma, ikakauka, ikanyamaza. Kimya kidogo. Halafu dramu ikaanza kuzunguka polepole, ikaongeza, ikaongeza, mpaka ule mlio wa ndege inayoondoka, na mimi nimesimama jikoni machozi yananilenga.

Ule uji wa kijivu nimeuleta mwenyewe, nilishauriwa niongeze sabuni ili nguo zinukie, na nilikuwa naweka sabuni ya kufulia kwa mkono yenye povu jingi, kila siku kwa maji ya nyuzi joto 30. Sasa naweka kidogo, sabuni ya mashine, na mara moja kwa mwezi naizungusha tupu kwa nyuzi joto 90. Pampu ya zamani ninayo kabatini nimeifunga kwenye mfuko, ya akiba. Juzi dada yangu kapiga simu, yake inagoma kukamua na fundi kashamwambia bodi. Jumamosi naenda na multimita yangu.