Gari la Nan: Kufuata Raga ya Wanawake Nyuzilandi

Nyuzilandi nilikwenda kwa ajili ya raga. Nalisema mapema ili anayetafuta habari za milima na maziwa asipoteze muda wake hapa.

Hamu ilinishika Novemba 2022, siku ya fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Watu 42,579 waliujaza uwanja wa Eden Park, na Black Ferns, timu ya taifa ya wanawake ya Nyuzilandi, wakaishinda Uingereza 34 kwa 31. Kwetu Nairobi mechi ilianza saa tatu na nusu asubuhi. Joanah Ngan-Woo wa Black Ferns alipoiba mpira wa lainauti ya mwisho, yaani mpira unaporushwa kutoka pembeni na wachezaji wakainuliwa kuudaka, nilipiga ukelele mpaka jirani akaja kugonga mlango. Tangu siku hiyo nilitaka kujua wanawake wale wanakotoka, wamelelewa na uwanja gani. Kila nilikosoma niliambiwa Farah Palmer Cup: mashindano ya mikoa, timu 13, ngazi mbili. Msimu wa 2023 ulipoanza Julai nikafunga mizigo.

Viza na tiketi zilikula akiba yangu yote, na kutoka Doha hadi Auckland ni zaidi ya saa 16 umekunja magoti. Sina zaidi la kusema kuhusu hilo. Nilifikia Hamilton kwa binamu yangu muuguzi, na hapo ndipo nilipojua baridi. Julai ya Limuru naifahamu, ila Limuru unapoingia ndani unakuta jiko limewashwa. Hamilton watu wanakaa sebuleni na jaketi, wanalala na chupa ya maji ya moto, na wanaona ni sawa. Pai ya nyama ya kusaga na jibini ilikuwa dola saba, zaidi ya shilingi 600 zetu wakati huo. Niliila, maana hapakuwa na kingine cha moto, lakini kila mara niliumia.

Mechi za Hamilton zilinifurahisha na sitazisimulia. Ninalotaka kusimulia ni Jumamosi niliyokwenda New Plymouth kuwaona Taranaki Whio, timu ya wanawake ya mkoa wa Taranaki.

Nilikata tiketi ya basi kwenye mtandao, siku nyingi kabla. Safari ni ya barabara kuu namba 3, inayokwenda kusini mpaka Te Kūiti, kisha inapinda kuelekea pwani ya magharibi. Tulipofika Te Kūiti dereva akazima injini, akatangaza kwamba udongo umeporomoka Mount Messenger, kilima kilicho mbele njiani, basi halitaendelea, na kampuni italeta jingine. Akatushusha, akageuza gari, akarudi alikotoka. Jingine halikuja. Nilipiga simu ya kampuni nikasikilizishwa muziki mpaka salio likakata. Nilipompata mtu kwa simu ya kuazima, aliniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba fedha hazirudishwi, ila nitapewa vocha ya kusafiria ndani ya miezi 12. Nikamweleza kwamba ndani ya miezi 12 nitakuwa Nairobi. Akasema anaelewa, akanipa vocha.

Te Kūiti wanajiita mji mkuu wa wakata manyoya ya kondoo duniani, na pale mjini kuna sanamu ya mkata manyoya yenye urefu wa mita saba. Nilikaa chini ya sanamu ile na begi langu, upepo unapita katikati ya mifupa, saa zinakwenda. Mechi ilikuwa saa nane mchana. Kutoka pale hadi New Plymouth ni kilomita 160 hivi, za kona tupu.

Gari lililosimama mbele yangu lilikuwa la abiria kumi, kuukuu, limejaa wanawake na watoto. Dereva alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, Mmaori, kofia ya sufi ya rangi ya kaharabu na nyeusi imemfika kwenye nyusi. Akateremsha kioo. “Mwanangu, mbona unaganda hapo?” Nikamweleza. Nilipotaja Whio, gari zima likalipuka. Mjukuu wake alikuwa anacheza siku ile, lainauti ndiyo kazi yake, na barabara ilikuwa imefunguliwa upande mmoja. Watoto wakasongezana, nikaingia. Wote walimwita Nan, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo, kwa sababu hata jina langu hakuniuliza mpaka alipohakikisha nimekula. Alinipa mkate wao wa kukaanga umefungwa kwenye taulo la jikoni, bado una joto. Ungeuweka Mombasa kando ya chai watu wangedhani ni mandazi, iliki tu ndiyo imesahauliwa.

Tulipofika Piopio Nan akapunguza mwendo. Ni kijiji kidogo, ukipiga chafya umekipita. “Farah alisoma hapa,” akasema, akaionyesha shule kwa kidevu. Farah Palmer, nahodha aliyeongoza Black Ferns kutwaa Kombe la Dunia mara tatu, 1998, 2002 na 2006! Tangu 2016 kombe la mikoa lina jina lake, na mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuingia kwenye bodi ya chama cha raga cha taifa. Niliitazama shule ile mpaka ikapotea nyuma ya miti. Kwetu, mtoto wa kijiji cha namna hii akiwa na kipaji tunamwambia aje mjini.

Halafu Nan akaanza kulalamika, na hakuacha mpaka baharini. Alisema wilaya hii ya King Country ina watoto wa raga kuliko kondoo, lakini haina timu ya wanawake kwenye kombe lenye jina la binti wa wilaya hiyohiyo, hivyo wasichana wanagawanywa, huyu Waikato, yule Taranaki. Alisema mwaka 2010 mashindano ya mikoa yalifutwa kwa kisingizio cha fedha, na mwaka huohuo Black Ferns wakachukua Kombe la Dunia. Hilo lilimuuma kama la jana. Nilimuuliza kama mambo hayajabadilika. Alikubali kwamba yamebadilika: mikataba ya kwanza ya Black Ferns ilitolewa 2018, na Super Rugby Aupiki, ligi ya wanawake iliyo juu ya kombe la mikoa, ilianza 2022 na timu nne. “Lakini huko juu wanaingia wachache,” akasema binti yake, mama wa mchezaji, aliyekaa mbele na mtoto mapajani. Mjukuu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anachopata kwenye raga, mama yake alisema, kinaishia kwenye petroli.

Bonde la Awakino, bahari Mōkau, foleni ndefu Mount Messenger ambako vijana wa barabara walikuwa wanapitisha magari kwa zamu huku tope likichuruzika ukingoni. Nan alikuwa anatazama saa na kuomba kwa Kimaori. Tulipoteremka upande wa pili mlima Taranaki ukatokea, mita 2,518, theluji tupu. Hakuna aliyeutazama. Walikuwa wanasikiliza simu, mtu yuko uwanjani anawapa matokeo.

Tulifika kipindi cha pili kimeanza. Sikulipa kiingilio. Watazamaji walikuwa mamia, wengi wamesimama kandokando na mablanketi mabegani, na kila trai, bao la raga, ilipoingia magari yalipiga honi. Nan alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye kamba. Mjukuu alikuwa amefungwa utepe mweusi kuzunguka masikio, nyusi imechanika, damu na tope vimechanganyika shavuni. Lainauti ikaitwa mita kumi kutoka mstari wa wageni. Niliwaona wale wawili wanaomwinua wakimshika kaptura na mapaja, akapanda mpaka viuno vyake vikawa juu ya vichwa vyao, akaudaka mpira kwa mkono mmoja na kuuleta kifuani. Mafowadi wakafungana nyuma yake, wakasukuma, wakasukuma, na rundo lote likaanguka kwenye chaki. Refa akapuliza filimbi, mkono juu. Nan alinikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Mechi ilipoisha mjukuu alikuja kwenye kamba. Akaweka paji la uso na pua juu ya vya bibi yake, wakatulia hivyo, tope likabaki kwenye uso wa Nan naye hakulifuta. Kisha akauliza kama kuna mkate umebaki. Saa nne usiku alikuwa na zamu kazini.

Njiani kurudi watoto walilala na mimi nikawaza ya kwetu. Agosti 2021, uwanja wa Nyayo, Lionesses, timu yetu ya taifa ya wanawake, walishindwa na Colombia 16 kwa 15. Pointi moja, na njia ya kwenda Kombe la Dunia hilohilo ikafungwa. Tulimlaumu mpigaji, tukamlaumu refa, tukalaumu maandalizi. Sasa naona tulipaswa kuhesabu wasichana wangapi Kakamega, Kisumu au Kilifi wana jezi ya kwao ya kuwania. Tuna kaunti 47, na wenyewe tunajua jinsi watu wanavyoshabikia kwao. Nan hakuendesha gari kilomita zile kwa ajili ya Black Ferns. Aliendesha kwa ajili ya lainauti ya mjukuu wake. Ukiwapa watu timu yenye jina la mahali wanapoishi, bibi atatafuta petroli.

Msimu ule Auckland waliwashinda Canterbury kwenye fainali, nami nilishakuwa Nairobi. Nan hakuniandikia neno kuhusu fainali. Alinitumia picha ya nyusi ya mjukuu, imepona, na kuniuliza mechi zetu zinaonekana wapi.

Hazionekani popote, na hilo nimeliandika kwenye barua niliyompelekea katibu wa klabu yetu. Nimeomba mambo mawili. La kwanza, mechi za wanawake zichezwe kabla ya za wanaume kwenye uwanja uleule, siku ileile, badala ya kutupeleka Jumapili asubuhi kwenye kiwanja cha shule kisicho na choo. La pili, tualike timu za wasichana kutoka kaunti nne za karibu kwa mashindano ya wiki tatu mwezi wa Agosti, kila timu ivae rangi za kaunti yake. Nauli ya mabasi nimeshaipigia hesabu na karatasi nimeiambatanisha. Kikao ni Alhamisi.